Ruzuku ya Malisho Itoke Nyasi Zikikauka, Siyo Ng'ombe Akishakufa

Leo tunaweka pembeni kupe, minyoo na ugonjwa wa kiwele. Tunaongelea hela ya serikali na nyasi, vitu viwili ambavyo hapa kwetu havijawahi kukaa meza moja.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Chamazi, ana ng'ombe wanne wa maziwa, aliniuliza swali kwa hasira kidogo: "Afisa, mwenye mahindi ana ruzuku ya mbolea. Mimi nyasi zikikauka nina ruzuku ya nini? Au ng'ombe wangu nimlishe mbolea?" Tulicheka wote, lakini swali lilibaki, na makala hii ndiyo jibu langu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungukane. Nchi yetu inahitaji utaratibu wa kudumu wa kumsaidia mfugaji aliyepoteza malisho kwa ukame au mafuriko. Msaada huo utoke wakati nyasi zinaisha, ng'ombe akiwa bado amesimama. Kumpa mtu pole baada ya mizoga kulala bondeni ni utu mzuri, lakini kama mpango wa uchumi ni hasara tupu, kwa mfugaji na kwa serikali yenyewe.

Tumekuwa tukisaidia mwisho wa safari

Wengi wenu mlikuwa wadogo wakati wa ukame wa 2008 na 2009. Wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro zilipoteza mifugo kwa kiwango cha kutisha, na kuna familia zilibaki na fimbo tu mkononi. Serikali ya Rais Kikwete ilikuja na mpango wa kifuta machozi, ikagawa mifugo kwa kaya zilizopoteza kila kitu. Ni jambo la heshima na waliopata walishukuru. Lakini mifugo hiyo ilifika wakati ukame umeshapita. Kaya ilikuwa imeshakaa bila maziwa, mtoto ameshatolewa shule, na mbegu nzuri ya ng'ombe iliyojengwa miaka ishirini imeshapotea. Huwezi kurudisha ukoo wa ng'ombe kwa kugawa wawili au watatu.

Ukaja ukame wa 2021 kuingia 2022. Wilaya ya Simanjiro peke yake, hadi Januari 2022, iliripoti vifo vya mifugo zaidi ya 62,000: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Hesabu hiyo ilifanyika vizuri sana, kijiji kwa kijiji, kata kwa kata. Sasa jiulize: kama tuna uwezo wa kuhesabu mizoga kwa usahihi huo, tunashindwaje kuhesabu nyasi miezi mitatu kabla?

Kuna jambo jingine linanisumbua zaidi. Tanzania tuna kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 chini ya sheria ya wanyamapori. Simba akiua ng'ombe wako, au tembo akila shamba lako, kuna fomu, kuna mtaalamu anakuja kuthibitisha, kuna malipo hata kama ni madogo na yanachelewa. Ukame ukiua ng'ombe wako arobaini, hakuna fomu ya namna hiyo. Simba ana kanuni, jua halina. Na tukisema ukweli, jua limeua mifugo mingi kuliko simba wote wa nchi hii.

"Hayo ni ya Wamasai, sisi wa Temeke yanatuhusu nini?"

Hili nalisikia sana. Mtu akisikia maafa ya malisho anafikiria ng'ombe mia tano kwenye mbuga kavu. Huku kwetu Mbande, Toangoma, Buza na Chamazi ng'ombe yuko bandani, anakatiwa majani. Kwa hiyo mtu anajiona yuko salama.

Hebu tufuatilie hayo majani yanatoka wapi. Mengine yanakatwa mabonde ya Mzinga na Kizinga na kwenye viwanja ambavyo bado havijajengwa, na kila mwaka viwanja hivyo vinapungua. Mengine yanakuja kwa guta na kirikuu kutoka Vikindu na Mkuranga. Marobota ya hei yanatoka Kibaha, ambako kuna shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, na mengine mbali zaidi, upande wa Morogoro. Mashudu ya alizeti yanatoka Dodoma na Singida. Ng'ombe wako anaishi Temeke, lakini tumbo lake liko mikoa minne.

Mvua ikikata mikoa hiyo, wewe huoni nyasi zikikauka. Unachoona ni bei. Robota linapanda, kiroba cha pumba kinapanda, kijana wa guta anakwambia "bosi, siku hizi tunaenda mbali". Hiyo ndiyo sura ya ukame mjini. Aliyepoteza malisho porini anaona vumbi, aliyepoteza malisho Temeke anaona risiti.

Kumbukeni vuli ya 2022. Mwishoni mwa Oktoba DAWASA walitoa ratiba ya mgao wa maji Dar es Salaam kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua. Wengine waliwaza maji ya kuoga. Wewe mwenye ng'ombe anayekamuliwa ulikuwa unawaza lita sitini au zaidi kwa siku kwa kila kichwa, na majani ambayo hayapo. Na tusidhani maafa ni ukame peke yake. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikapita pwani. Nyasi iliyolala chini ya maji wiki mbili haiwi malisho tena, inaoza.

Halafu kuna upande wa soko. Wafugaji wa bara wakikosa malisho wanauza kwa pamoja, na ng'ombe waliokonda wanajaa Mnada wa Pugu. Wewe kijana uliyenenepesha madume yako sita kwa mkopo unafika mnadani unakuta bei imelala. Dalali hana huruma na mkopo wako. Kwa hiyo ukame wa Simanjiro au Kiteto unakugusa mara mbili: unaponunua chakula na unapouza ng'ombe.

Hesabu ya kijana wa Chamazi

Twende kwenye namba, maana ufugaji wa biashara bila kalamu ni kubahatisha. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako.

Ng'ombe wanne, kila mmoja anakula kilo 10 za hei kwa siku, mbali na pumba na mashudu. Kipindi kigumu tuseme ni siku 90. Hiyo ni kilo 3,600. Robota likiwa na kilo 15, unahitaji marobota 240.

Kipindi cha kawaida robota tuseme ni shilingi 5,000, jumla 1,200,000. Ukame ukaja, robota likafika 8,000, jumla 1,920,000. Pengo ni shilingi 720,000.

Serikali ikibeba nusu ya pengo hilo, na wewe ukabeba nusu, msaada ni shilingi 360,000 kwa ng'ombe wanne kwa miezi mitatu. Ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa tuseme ni milioni 2.5. Maana yake, kuwaokoa ng'ombe wanne kunagharimu chini ya moja ya sita ya bei ya kununua ng'ombe mmoja mpya.

Na hapo sijaweka maziwa yaliyopotea. Ng'ombe aliyeshinda njaa miezi mitatu hata akipona, haingii joto kwa wakati, anachelewa kushika mimba, na wewe unalisha mdomo usiokamuliwa karibu mwaka mzima. Mnaofuga mnajua, hiyo ndiyo hasara inayofunga mabanda. Mtu hafungi banda siku ukame unapoanza, anafunga miezi minane baadaye na watu wanasema "alishindwa kusimamia".

Wenzetu wanafanyaje

Hatuhitaji kubuni kitu kipya kabisa. Jirani zetu Kenya wameshajaribu. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, na wenzake walianzisha mwaka 2010 huko Marsabit bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti. Setilaiti inaangalia ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yanatoka, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaichukua ikaifanya mpango wa taifa, ikilipia yenyewe bima ya kaya maskini za wafugaji hadi vipimo vitano vya mifugo. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja, mbuzi au kondoo kumi ni kipimo kimoja. Februari 2017 walitangaza malipo ya shilingi milioni 214 za Kenya kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita. Fedha hizo zilikusudiwa kununua chakula, maji na dawa, mnyama akiwa hai.

Mpango ule haukukosa kasoro. Setilaiti haitofautishi nyasi na kichaka ambacho ng'ombe hali. Inaweza kusema eneo ni la kijani kumbe ni miti ya mathenge. Malipo nayo yakichelewa wiki sita, faida yote inayeyuka. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na tangu 2022 limeingia katika mradi mkubwa wa Benki ya Dunia uitwao DRIVE, kwa Kenya, Ethiopia, Somalia na Jibuti. Sisi hatumo.

Marekani nako kuna mpango unaoitwa LFP, wa kuwafidia wafugaji waliopoteza malisho kwa ukame, na wakati mwingine kwa moto. Sheria yao ya kilimo ya mwaka 2014 iliufanya wa kudumu. Wao wana ramani ya ukame inayotolewa kila wiki. Kaunti ikifika daraja fulani la ukame na kukaa humo kwa muda uliowekwa, mfugaji wa kaunti hiyo anastahili malipo. Malipo ni asilimia 60 ya gharama ya kulisha kwa mwezi, na dari ni miezi mitano. Hakuna anayeuliza ng'ombe wangapi wamekufa. Wanaulizwa: ulikuwa na ng'ombe wangapi, na ulikuwa na malisho gani?

Lakini tukinakili mpango wa Marekani neno kwa neno, vijana wa Temeke mtabaki nje. LFP ni kwa mnyama ambaye kwa kawaida angekuwa machungani. Mnyama wa kunenepeshwa zizini hahesabiwi. Huko inaeleweka, mwenye zizi ni tajiri na ana mikataba ya chakula. Hapa kwetu mwenye banda ni kijana aliyekopa, na sheria ndogo za mji ndizo zinazomtaka afungie ndani. Kwa hiyo siku sera hii itakapojadiliwa, nataka sauti ya wafugaji wa mjini iwepo mezani, iseme wazi: malisho ya kununuliwa nayo ni malisho.

Hoja za wanaopinga

Nimezisikia, na nyingine zina uzito.

Wa kwanza wanasema: wafugaji wana mifugo mingi kuliko ardhi, ukiwasaidia watazidisha. Ni kweli tuna maeneo yamezidiwa. Ndiyo maana nasema msaada uwe na dari. Kenya waliweka vipimo vitano kwa kaya. Mwenye ng'ombe elfu moja naye apate kwa hao watano, waliobaki ni uamuzi wake kuuza mapema. Msaada ukilinda ng'ombe wachache wazuri, unampa mfugaji ujasiri wa kupunguza wengine, kwa sababu ana uhakika kiini cha kundi lake hakitakufa. Asiye na uhakika ndiye anayeng'ang'ania kundi kubwa.

Wa pili wanasema: hela haipo. Jamani, hela ya ukame tunalipa hata sasa, ila tunailipa kwa njia nyingine. Nyasi zikiisha ng'ombe hawakai, wanahama. Wanaingia mashamba ya watu Kilosa, Mvomero, Kiteto, Rufiji. Mnajua kinachofuata: fimbo, panga, polisi, kesi, na wakati mwingine misiba. Mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, maelfu ya ng'ombe yalishuka hadi Pwani na Lindi, na migogoro ikashuka nayo. Gharama ya tume, ya operesheni na ya mahakama ni hela pia, ila haionekani kwenye kifungu cha malisho.

Wa tatu wanasema: hela italiwa. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, maana orodha za msaada tunazijua zinavyonenepa. Lakini angalieni ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 8, 2022 kule Mbeya. Mkulima anasajiliwa, anapata namba, ananunua kwa wakala kwa bei ya ruzuku. Yapo malalamiko, na wapo waliojaribu kuchezea, lakini mfumo upo na unarekebishwa. TASAF nao wanalipa kaya maskini kwa simu na benki. Teknolojia ya kumfikia mtu mmoja mmoja tunayo tayari. Tulichokosa ni uamuzi kwamba nyasi nayo ni pembejeo.

Ninachopendekeza

Kwanza, kipimo kiwe cha wazi na kitangazwe kabla ya msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa mwelekeo wa masika na vuli na inapima mvua. Tuweke mvua na ukijani wa setilaiti pamoja, kisha wataalamu wa mifugo wa wilaya wathibitishe kwa macho ili tusidanganywe na vichaka. Wilaya ikishuka chini ya kiwango, msaada unajifungua wenyewe. Usisubiri kikao, usisubiri kiongozi atembelee mizoga na waandishi wa habari.

Pili, msaada uwe punguzo kwenye chakula zaidi ya kuwa hela mkononi. Mfugaji aliyesajiliwa anunue hei, mashudu au molasesi kwa nusu bei kwa wakala, kama mbolea. Hapo vijana mfungue macho. Punguzo la namna hii linajenga soko la hei. Leo mtu anaogopa kulima ekari tano za malisho kwa sababu mvua ikinyesha vizuri hapati mnunuzi. Akijua kuna mfumo unaonunua, atalima.

Tatu, tuwe na ghala la taifa la malisho. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ananunua mahindi wakati wa mavuno na kuyatoa wakati wa shida. Ng'ombe hana NFRA yake. Tuna Vikuge, tuna ranchi za NARCO kama Ruvu, tuna ardhi ambayo kila Juni imejaa nyasi na kila Septemba inachomwa moto. Hei iliyokaushwa vizuri na kuwekwa pakavu inakaa zaidi ya mwaka. Tunachoma chakula, halafu tunalia njaa.

Nne, utambuzi wa mifugo uwe ndiyo mlango. Juni 2025 Rais Samia alizindua kule Bariadi kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ni mpango wa miaka mitano. Mfugaji analipa shilingi 500 kwa ng'ombe, 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku wanachanjwa bure. Kwa mara ya kwanza mfugaji ameonja ruzuku yenye jina lake. Namba zile za heleni zikitunzwa vizuri, ndizo zitakazosema nani alikuwa na ng'ombe wangapi kabla ya ukame. Bila namba hiyo, mpango wowote utaliwa na wenye midomo mirefu.

Tano, iwekwe kwenye sheria. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Tuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Sheria ya kwanza inajua maafa, ya pili inajua malisho. Kanuni moja ya kuziunganisha ingetosha kuanzia, na wilaya mbili tatu za majaribio zingetuonyesha palipo na matundu.

Wewe ufanye nini wakati tunasubiri

Sera haijengwi kwa wiki moja, na ng'ombe anakula leo. Siku mpango ukija, watakaofaidika kwanza ni wenye kumbukumbu. Marekani mwenye karatasi ndiye anayelipwa, Kenya aliyesajiliwa ndiye aliyelipwa, na hapa haitakuwa tofauti. Kwa hiyo:

1. Fungua daftari la banda. Andika idadi ya wanyama kila mwezi, waliozaliwa, waliouzwa, waliokufa. Andika maziwa ya kila siku. Ukishindwa daftari, tumia simu, lakini andika.

2. Tunza risiti za chakula. Muuzaji wa pumba asiyetoa risiti mwombe hata karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi. Risiti ndiyo ushahidi wako pekee kwamba bei ilipanda na wewe uliumia.

3. Jitambulishe ofisi ya kata na kwa afisa mifugo wako. Mfugaji anayejificha kwa kuogopa sheria ndogo anajinyima mwenyewe. Njoo tuongee, banda lirekebishwe, uingie kwenye orodha. Chanjo na heleni usiikwepe.

4. Hifadhi yako mwenyewe ianze masika hii. Majani yakatwe yanapoanza kutoa maua, siyo yakishakomaa na kuwa fimbo. Kausha hadi yavunjike yakikunjwa, funga kwa boksi la mbao kama huna mashine, weka juu ya mbao mahali pakavu. Mabingobingo yanafaa saileji: katakata, nyauka kidogo, shindilia kwenye pipa au mfuko mgumu hadi hewa iishe, funga. Hata siku 30 za akiba zinakutoa kwenye mikono ya madalali. Ukiwa na wasiwasi na ubora wa chakula unachonunua, maabara ya TVLA iko hapa hapa Temeke, peleka sampuli.

5. Ungana na wenzako. Wafugaji kumi wakiagiza lori moja la hei mwezi Juni wanapata bei ambayo mmoja hawezi kuiota mwezi Desemba. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ambao vijana mna fungu lenu la asilimia nne. Wengi wanakopa kununua ng'ombe wa tano. Mimi nakushauri ukope kulisha wanne vizuri na kujenga stoo.

6. Uza mapema. Dume lililofikia uzito usilishikilie hadi kiangazi ukisubiri bei. Utabiri wa vuli ukiwa mbaya, punguza wanyama wakiwa na nyama.

7. Uliza bima. Kampuni za bima nchini zimeungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo. Soma masharti, uliza kama inalipa kifo tu au inalipa na ukosefu wa malisho. Swali hilo likiulizwa na vijana mia, kampuni zitatengeneza bidhaa inayofaa.

Kuna mtu ataniambia afisa ugani kazi yake ni kufundisha kukata majani, siasa za bajeti awaachie wabunge. Sikatai, kufundisha ni kazi yangu. Lakini nikimfundisha kijana kufuga kisasa, akakopa, akajenga banda, akafuata kila nilichomwambia, kisha mvua moja iliyokata ikamrudisha kwenye bodaboda, ujuzi niliompa umemsaidia nini? Hela mbovu ya pembejeo tumekataa kwa mkulima wa mahindi, tukasema serikali ibebe sehemu. Tuseme hivyo hivyo kwa nyasi.

Bajeti ya wizara inasomwa kila mwaka kabla ya Julai, na kabla ya hapo wabunge na madiwani wako mitaani wakisikiliza. Kikundi chako kikikaa wiki hii, andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa diwani: tuko wangapi, tuna ng'ombe wangapi, msimu uliopita chakula kilipanda kwa kiasi gani, tulipoteza maziwa lita ngapi. Ambatanisheni risiti. Barua yenye namba haitupwi kirahisi kama barua ya kulalamika. Nakala nileteeni, nami nitaipandisha na taarifa yangu ya robo mwaka.